Vidonge vya saa nne

Baba yangu ameshona nguo Tandika, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mteja aliyepita kwenye kibaraza chake ana mstari wake kwenye daftari: bega, kifua, kiuno, urefu. Madaftari hayo yako kabatini mpaka leo. Niliyatoa mwaka 2021, baada ya daktari kuniuliza kama mwandiko wa mzee umebadilika. Nikakaa sakafuni, nikayafungua moja baada ya jingine, nikalia. Mwaka 2014 tarakimu zake zimesimama, kubwa, unazisoma ukiwa mlangoni. Mwaka 2017 zimeanza kusinyaa. Mwaka 2019 mstari unaanza vizuri, halafu unazidi kupungua kadiri unavyokwenda kulia, na neno "urefu" limekuwa alama ndogo ambayo hata yeye mwenyewe alishindwa kunisomea. Ugonjwa ulikuwa unajiandika mbele ya macho yetu, na sisi tulimnunulia miwani.

Baba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaomtetemesha mtu, kumkakamaza na kumfanya mzito wa mwendo. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo ana mzazi anayetetemeka mkono mmoja na familia nzima inasema ni uzee, au ni presha, au ni jicho la mtu. Sisi tulipoteza miaka, na tulipoteza hela nyingi baada ya miaka hiyo. Vingi kati ya hivyo visingepotea kama mtu mmoja tu angetuambia haya mapema.

Kabla ya mkono ilianza pua. Mwaka 2016 Baba aliunguza kanzu ya mteja kwa pasi ya mkaa. Mama alisikia harufu akiwa uani anaosha vyombo, akakimbilia kibarazani, akamkuta Baba ameinama juu ya pasi, moshi unapanda usoni kwake, hana habari. Alilipa ile kanzu na hakuizungumzia tena. Miaka hiyohiyo Mama alianza kulalamika kwamba mzee anapiga mateke usingizini, anagombana na watu wasioonekana, mpaka akahamia kitanda cha chumba cha pili. Na choo chake kilikuwa kigumu siku zote. Baadaye tuliambiwa kwamba mambo haya matatu yanaweza kutangulia mtetemo kwa miaka mingi. Si kila asiyesikia harufu ana Parkinson, lakini mtu akiwa nayo yote kwa pamoja, daktari anatakiwa aambiwe. Sisi tuliona ni mambo matatu yasiyohusiana, kila moja na dawa yake ya mitaani.

Mtetemo wenyewe ulikuja 2018, mkono wa kulia. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana taratibu, kama mtu anayevuta tasbihi, na kweli watu walidhani anavuta uradi. Mkono ukiwa umetulia mapajani, vidole vinacheza. Akichukua mkasi, vinatulia. Hapo ndipo alipotudanganya, kwa sababu alikuwa akituambia, "Mbona nikishika kazi hautetemeki?" Nasi tukaridhika. Kumbe mtetemo unaokuja mkono ukipumzika na kupungua mkono ukifanya kazi ndio hasa wa Parkinson. Mtetemo wa wazee wengi, ule wa kumwaga chai kikombe kikiwa njiani kwenda mdomoni, mara nyingi ni kitu kingine, na dawa zake ni nyingine.

Halafu akaanza kuburuta mguu. Uso ukakauka, watoto wangu wakadhani Babu kanuna. Sauti ikashuka mpaka wateja wakawa wanainama kumsikia. Zahanati ya kwanza ilisema kiharusi kidogo, tukapewa dawa za presha. Shangazi alisema ni mteja mmoja ambaye nguo yake ilichelewa. Tulikwenda kwa mganga Mkuranga mara mbili, laki nne jumla na nauli. Tulisoma visomo nyumbani, na hilo sijutii, maana Baba alilala vizuri usiku ule. Simlaumu yeyote. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, miaka ya 2000, waliwapata watu 33 wenye Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Niliposoma habari hiyo niliwaona wazee wale wa Hai kama ndugu zangu. Nasi tulikuwa hivyo hivyo, tena mjini, dakika chache kwa bajaji kutoka hospitali.

Aliyetuokoa ni mwalimu mwenzangu ambaye mjomba wake alikuwa na ugonjwa huohuo. Aliniambia maneno mawili: "Tafuta bingwa wa mishipa ya fahamu. Usikubali kuishia kwa daktari wa presha." Mabingwa hao ni wachache nchini, foleni ni ndefu, na rufaa ilituchukua wiki kadhaa. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshalipia CT skani ya kichwa kwa ushauri wa mtu wa dirishani. Ikatoka safi, tukafurahi, tukaona hamna ugonjwa. Ni kosa ambalo familia nyingi zinalifanya. Parkinson haionekani kwenye CT, na hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachoithibitisha. Picha ya kichwa inasaidia kuondoa mambo mengine kama uvimbe au kiharusi, basi.

Daktari yule alitumia mikono yake na macho yake. "Shikamoo, mzee," kisha akamwacha akae kimya dakika nzima, anatazama vidole. Akamwambia agonge kidole gumba na cha shahada haraka haraka, akaona kila pigo linavyozidi kuwa dogo. Akamkunja kiwiko taratibu, ukawa unakwenda kwa kukwamakwama kama gurudumu la cherehani lisilo na mafuta. Akamtembeza koridoni, akamwambia ageuke. Akasimama nyuma yake, akamvuta mabega ghafla aone kama atajizuia. Akampa kalamu aandike sentensi moja. Akaniambia nimwage mezani dawa zote anazotumia, kwa sababu kuna dawa zinazoweza kuleta dalili hizihizi, nyingine za akili, nyingine za kutapika, na mtu akaonekana ana Parkinson kumbe ni dawa. Ukienda kwa bingwa, beba mfuko wote wa dawa, hata zile za Kariakoo zisizo na jina.

Alituelezea hivi. Ndani kabisa ya ubongo kuna eneo dogo jeusi lenye seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoufanya mwili uanze na umalize mwendo bila kukwama. Seli hizo zinakufa kidogokidogo, na mpaka dalili zije juu, sehemu kubwa imeshakwenda. Ndani ya zile zinazougua kunakutwa protini iitwayo alfa-sinukleini imejikunja vibaya na kurundikana. Kwa nini inaanza, hakuna anayejua kwa watu wengi. Akamwambia Baba wazi: "Mzee, sina dawa ya kuuondoa ugonjwa huu. Ninayo dawa ya kukurudishia mikono." Baba alimtazama muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu mtu kumwambia pande zote mbili za ukweli kwa pamoja.

Dawa hiyo ni levodopa, ikichanganywa na kabidopa. Levodopa inafika kwenye ubongo na kugeuka dopamini. Kabidopa inailinda isimalizikie njiani. Si dawa mpya. Daktari James Parkinson wa London aliuandika ugonjwa huu mwaka 1817, lakini ilichukua mpaka mwaka 1957 ndipo Arvid Carlsson, Mswidi, alionyesha kazi ya dopamini, na miaka ya 1960 levodopa ikaanza kuwainua watu vitandani. Mpaka leo, pamoja na yote yaliyogunduliwa, hakuna kidonge kilichoishinda kwa nguvu. Nilikuwa sijui hilo. Nilidhani dawa ya zamani ni dawa duni.

Na sisi tukaiweka kabatini miezi minane. Baba mdogo alikuwa amesikia mahali kwamba ukianza levodopa mapema mwili unaizoea, ikifika siku ya shida haifanyi kazi, kwa hiyo iwekwe akiba. Maneno hayo yalionekana ya busara, na Baba mwenyewe aliyapenda kwa sababu hakutaka kuwa mgonjwa. Miezi minane hiyo ndiyo aliyofunga kibaraza. Niliporudi kliniki daktari alisikitika kweli. Alinieleza kwamba watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa Ghana, ambao wengi walianza dawa wakiwa wamechelewa kwa sababu haikupatikana, wakawalinganisha na wa Italia walioanza mapema. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Matatizo ya baadaye, yaani dawa kukata kabla ya muda na mwili kuchezacheza wenyewe, yaliendana na umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi. Kuchelewa kuanza hakukuwapa Waghana akiba yoyote. Walichopata ni miaka ya kuteseka bila sababu. Kama kuna mtu anakushauri usubiri, mwambie habari ya Ghana.

Alipoanza, tulipandisha polepole kama tulivyoelekezwa, nusu kidonge, kisha kimoja. Wiki ya tatu, asubuhi moja, nilimkuta kibarazani peke yake. Alikuwa amechukua sindano na uzi mweupe. Alilamba ncha ya uzi, akaisokota, akainua sindano kwenye mwanga. Mkono ulikuwa umetulia. Uzi ukapita mara ya kwanza. Akautoa, akaupitisha tena. Akautoa, akaupitisha tena. Sikumsemesha.

Kuanzia hapo nilidhani tumemaliza, kumbe kazi ndiyo ilianza, kwa sababu dawa hii inaishi kwa saa.

Daktari aliandika kwenye karatasi: 6, 10, 2, 6. Mimi naondoka alfajiri kwenda shuleni, kwa hiyo binti anayetusaidia nyumbani ndiye aliyeachiwa kazi. Naye akasoma kama Mswahili yeyote anavyosoma saa: saa sita, saa kumi, saa mbili, saa sita. Akampa Baba cha kwanza saa sita mchana, cha pili saa kumi jioni, cha tatu saa mbili usiku, na cha nne akamwamsha saa sita usiku wa manane. Daktari alikuwa amekusudia saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane na saa kumi na mbili jioni. Wiki mbili nzima Baba aliamka amekakamaa, akakaa hivyo mpaka adhuhuri, halafu usiku akawa macho, mwili unacheza. Tukasema dawa imemkataa. Nilikuwa tayari kurudi kumlalamikia daktari, mpaka nilipomuuliza binti, "Cha saa nne unampa saa ngapi?" Akanijibu kwa adabu, "Dada, cha saa nne hakipo. Kipo cha saa kumi." Hakukosea yeye. Tuliokosea ni sisi tuliompa karatasi bila kumsomea. Siku hizi saa zimeandikwa kwa maneno, kwa kalamu nene, zimebandikwa juu ya mtungi wa maji, na simu ya Mama inaita mara nne kwa siku.

Jambo la pili ni chakula. Levodopa inagombania njia moja na protini, tumboni na hata kuelekea kwenye ubongo. Baba alikuwa anameza kidonge cha asubuhi katikati ya chapati na maharage, na siku hizo dawa ilikuwa inachelewa au haiji kabisa. Tulipoanza kumpa nusu saa kabla ya kula, au saa moja baadaye, mambo yalibadilika siku ileile. Samaki na maharage hatukumnyima, maana mzee akikosa nguvu ni hatari nyingine. Tulivihamishia zaidi chakula cha usiku.

Ramadhani ya 2022 ilituumiza. Baba hajawahi kuacha kufunga tangu utotoni, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia. Akapanga mwenyewe: vidonge viwili daku, viwili futari. Sisi tukanyamaza. Ikifika adhuhuri alikuwa mbao. Siku ya tisa alianguka kwenye ngazi za msikiti akitoka kuswali alasiri, akapasuka juu ya jicho, nyuzi tano. Daktari alikuwa na hasira ambayo sijamwona nayo tena. Alisema kuruka dozi au kukata levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa wote, na kuua. Nilikwenda mwenyewe kwa imamu, nikamwelezea. Akaja nyumbani, akakaa na Baba mkekani, akamkumbusha kwamba mgonjwa wa maradhi yasiyotarajiwa kupona ana ruhusa, na fidia yake ni kumlisha maskini kwa kila siku. Baba alilia. Toka mwaka ule tunapika, na yeye mwenyewe ndiye anayechagua nani apelekewe. Mwenye mzazi Mwislamu, zungumza na daktari na imamu mwezi wa Shaaban. Usisubiri mfungo uanze.

Kisha upupu. Huu niuelezee vizuri, kwa sababu una ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio ulioturudisha nyuma. Kila mtoto aliyekulia Pwani anajua upupu unavyowasha. Baba mdogo alileta kutoka Rufiji mbegu zake, zimekaangwa na kusagwa, akasema wazee wanazitumia kwa mtetemo. Tukamchanganyia kijiko kwenye uji, juu ya vidonge vyake. Daktari hakutucheka tulipomwambia baadaye. Alisema mbegu za upupu kweli zina levodopa ya asili, na kwamba watafiti waliwajaribia wagonjwa Bolivia unga wake, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, na kwa wachache wale ulifanya kazi kama dawa. Wanautafiti kwa ajili ya watu wasiomudu vidonge. Lakini kijiko cha baba mdogo hakuna anayejua kina levodopa kiasi gani, na sisi tuliongeza dozi juu ya dozi.

Baba alitapika usiku kucha, presha ikashuka, akawa anazimia akisimama. Tukamkimbiza kwenye kituo cha afya cha karibu. Nesi alikuwa mwema na mwepesi, akamchoma sindano ya kuzuia kutapika. Kutapika kukakoma. Asubuhi Baba hakuweza kugeuka kitandani. Kumeza mate ilikuwa shida. Sindano ilikuwa metoklopramidi, dawa ya kawaida kabisa, ipo kila mahali, ila inaziba milango inayopokea dopamini kwenye ubongo, ileile ambayo levodopa inahangaika kuifikia. Ilimchukua siku kadhaa kurudi. Mgonjwa wa Parkinson akitapika kuna dawa nyingine kama domperidoni, ambayo kwa kiasi kikubwa haiingii kwenye ubongo, ingawa nayo inahitaji daktari, hasa kwa mwenye shida ya moyo. Haloperidoli, inayotumika kumtuliza mzee anayeweweseka, nayo ni sumu kwao. Nimeandika majina hayo mawili, metoklopramidi na haloperidoli, kwenye karatasi ngumu nyuma ya kadi ya bima ya Baba, kwa herufi kubwa: ASIPEWE. Kila mfanyakazi wa afya niliyemwonyesha amenishukuru. Tafadhali, kama utachukua kitu kimoja tu humu, andika karatasi hiyo leo.

Gharama nizitaje. Kadi yangu ya bima ya kazini inamhudumia Baba, na kliniki sikulipia. Dawa ndiyo mwiba. Kuna miezi inapatikana dirishani, kuna miezi tunaambiwa "haipo, kanunue nje", na nje imetugharimu kati ya elfu themanini na laki moja na ishirini kwa mwezi. Ongeza bajaji ya kwenda na kurudi kila kliniki, maana daladala hawezi tena. Nimejifunza kununua kabla boksi la mwisho halijafika nusu. Na nimejifunza kusoma namba mbili za kwenye boksi. Kuna 25/100 na kuna 25/250, na muuzaji akiwa hana moja atakupa nyingine huku akisema ni ileile. Namba ya pili ndiyo levodopa. Mara moja tulitoka na 250 badala ya 100, na Baba alicheza mwili mzima siku tatu kabla sijagundua.

Kaka yangu yuko Muscat. Anatuma hela, na anatuma habari. Kila wiki kuna ujumbe: dawa mpya Marekani, chanjo, sindano ya kisukari inayozuia Parkinson. Nilikuwa napata hasira, siku hizi namwelewa. Yuko mbali, hawezi kumshika Baba mkono, anachoweza ni kutafuta. Ila mwaka 2025 alipata wakala anayepeleka wagonjwa nje kuwekewa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Maelfu ya dola. Wakala alinipigia, sauti tamu, akanitumia habari za Japani. Tulikubaliana kuuza kiwanja cha Chanika. Kaka akatuma milioni moja na nusu ya kushika nafasi.

Nilimpelekea daktari zile habari nikiwa na uhakika atafurahi. Alifurahi kwa habari, akasikitika kwa wakala. Ni kweli, alisema, mwaka 2025 Wajapani wa Kyoto walichapisha matokeo ya kupandikiza seli kwenye ubongo wa wagonjwa, na wengine Marekani na Kanada wakachapisha yao. Kyoto walikuwa wagonjwa 7. Marekani na Kanada 12. Lengo lilikuwa kwanza kuona kama ni salama, na ilionekana ni salama, na baadhi yao wakasogea vizuri zaidi. Ni hatua kubwa. Lakini seli zile ziliingizwa ndani ya fuvu kwa upasuaji, chini ya uangalizi wa miaka. Kisha akaniuliza, "Hawa wanamchoma wapi?" Nikasoma karatasi ya wakala: mshipa wa mkono. "Na wagonjwa wa Kyoto, unadhani waliuziwa nafasi?" Nilikaa kimya. Jaribio la kweli halikutozi hela ya kushika nafasi. Ile milioni moja na nusu haikurudi. Kiwanja kipo.

Tangu siku hiyo, kaka akituma habari namuuliza matatu: walikuwa watu wangapi, walilinganishwa na nani, na imesimamisha ugonjwa au imepunguza dalili? Ile sindano ya kisukari, eksenatidi, ilikuwa na matumaini makubwa kwenye majaribio madogo. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa 2025, la karibu miaka miwili, halikuonyesha kwamba inapunguza kasi ya ugonjwa. Hilo lilimvunja moyo kaka, nami nilimwambia ukweli kwamba liliniuma pia. Kuna upasuaji wa kuweka nyaya kwenye ubongo zenye betri kifuani, ulioanza Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Huo ni wa kweli, umesaidia watu wengi duniani, lakini unamfaa mtu ambaye levodopa bado inamwitikia vizuri ila inakatakata. Dalili ambazo levodopa haizigusi, kama kusahau, upasuaji nao hauzigusi. Daktari anasema tuuzungumzie, bila haraka. Kila kitu kingine kinachouzwa leo kinatuliza dalili. Cha kusimamisha ugonjwa bado hakijapatikana.

Habari iliyonigusa kuliko zote ilitoka karibu zaidi. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Nigeria, walitangaza kwamba wamepata mabadiliko kwenye jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo GBA1 yanayoongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, mabadiliko ambayo tafiti za miaka mingi za Wazungu hazikuwahi kuyaona kwa sababu kwao karibu hayapo. Tulikuwa hatumo kwenye hesabu. Sasa kuna utafiti wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, unaoangalia wagonjwa wetu wenyewe na huduma wanayopata. Nilipomsomea Baba, aliuliza kama nao wanachukua damu. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Wakija, waambie nipo."

Kuna ambayo sijayaweza. Baba ana siku za huzuni nzito, na ilinichukua muda kukubali kwamba huzuni hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa na inatibika, si ukosefu wa imani. Mama amechoka kuliko anavyosema. Mtu wa mazoezi ya viungo tulimpata mwaka wa tatu, wakati alitakiwa awe wa kwanza pamoja na kidonge. Ndiye aliyetufundisha kuhusu mlango.

Baba akifika mlangoni miguu inaganda. Mwili unataka kwenda mbele, nyayo zimegundishwa na sakafu, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Tulikuwa tunamvuta mkono, jambo baya kuliko yote. Kijana wa mazoezi akasema tuchore mistari sakafuni, mtu aiangalie na aivuke mmojammoja, kwa sababu macho yanaweza kuuongoza mguu pale ambapo dopamini imeshindwa. Baba akamwelekeza Mama kwenye boksi lake la kazi. Kuna vipande vya chaki bapa, vya bluu, vya kuchorea vitambaa.

Mama anapiga deki kila asubuhi na mistari inafutika, kwa hiyo kabla sijakwenda shuleni naichora upya, mitano, hatua hadi hatua, kutoka kitandani mpaka kibarazani. Juzi nilikuwa na haraka. Baba alikuwa ameshameza cha alfajiri, amesimama kizingitini anasubiri, ameshika fremu ya mlango. Akaitazama mistari kwa muda.

"Wa tatu umepinda, mwanangu."

Nikapiga magoti, nikaufuta kwa kiganja, nikauchora tena. Akavuka.